Siku Mashine Ilipona

Juzi mama mumoja aliniletea ordinatere, kompyuta ya zamani, ile yenye ekran ya kitumbo nyuma, akaomba niangalie kama inaweza kuamka. Mimi natengeneza tu matelefone na kuingizia watu miziki, pale pembeni ya soko, lakini mu Kindu ukionekana mara moja na turnevisi ya kufungulia skrubu mu mukono, basi, watu watakuletea pasi, redio, saa ya ukuta, na kuna mzee mumoja aliniletea meno yake ya bandia. Nikafungua kifuniko, nikaweka kura ya umeme, na kabla sijaona kitu harufu ikanipiga: vumbi yenye kuungua polepole, na plastiki yenye joto. Nikazima haraka. Nikajikuta nimeruka nyuma ya meza, na mimi si muntu wa kukimbia, uliza wenye tulimaliza nao primaire. Mwalimu alichoka kunichapa mpaka akanipa kazi ya kufuta ubao.

Mama yule akauliza kama mashine imekufa. Nikamuambia hapana, mimi njo nilitaka kufa. Hakucheka. Siku hizi kuchekesha watu ni kazi nguvu. Redio inasema vita imesogea tena kule mashariki, ndege hazikuji sawa, na kila muntu anauliza mwenzake kama wapiganaji watafika mpaka huku, sawa vile mwenzake ni mujumbe wao. Kama uko wa rika yangu na ulikulia hapa, uko na harufu yako ya vita. Wengine ni risasi, wengine ni majani ya muhogo yenye kupikwa bila chumvi. Yangu ni vumbi ya ndani ya ordinatere.

Baba Mudogo Salumu, mudogo wa baba yetu, alikuwa na sekretaria mu mutaa wa Kasuku. Ni chumba kimoja chenye mulango kwa barabara, meza, imprimanti ya kuchapa karatasi, mashine ya fotokopi yenye kikohozi, na ordinatere. Muntu akitaka barua, anakuja. Baba Mudogo anamuandikia. Mimi na yaya yangu Amuri, kaka mukubwa, tulikuwa tunaishi kwake, kwani baba alibaki Lubumbashi, treni ikakatika, na vita ikakaa katikati yetu na yeye. Shule ilikuwa inafunguliwa wiki moja, inafungwa wiki moja, wanajeshi wanalala mu madarasa. Basi nilikuwa nashinda mu sekretaria. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kusema vitu vyenye watu hawakuniuliza.

Ile ordinatere ilikuwa sawa bibi harusi mu nyumba. Shangazi, bibi ya Baba Mudogo, aliishonea kikwembe ya kufunika. Baba Mudogo hakuiwasha bila kusema Bismillahi, na alipoizima alingoja mpaka imenyamaza kabisa, njo anatoka. Watu walikuwa wanapita kusudi tu waone kama kweli barua inaandikwa bila wino kumwagika.

Nyuma ya ukuta yetu kulikuwa nyumba ya wazungu wa msaada, wenye parabole kubwa, ile sahani ya kushika satelite. Baba Mudogo alikuwa anawafanyia fotokopi, na wao wakamupitishia kamba ya koneksio ya internet juu ya ukuta, mu dirisha, mpaka kwa mashine. Baba Mudogo hakujua aifanyie nini. Alifungua mara moja, akaona habari za mpira za Ulaya, akafunga. Amuri njo alijua. Alikuwa kijana mwenye masikio kwa miziki tu, na rafiki yake mumoja alikuwa ametoka Goma na ndege, amebeba sidi yenye programu. Ukiweka ile programu, akasema, nyimbo zote za dunia zinakuja bure, zinatoka mu mashine za watu wengine.

Akaiweka saa ya mchana, Baba Mudogo akiwa musikitini. Nilikuwa pembeni, ninakula muwa. Programu ikauliza vitu kwa kifaransa, Amuri anajibu, na fasi moja akasimama, akasoma tena.

"Inauliza sisi tunatoa nini," akasema.

"Tutoe nini?"

"Wao wanatupa nyimbo. Na sisi tuwape kitu. Inauliza wachukue mu kabati gani."

"Utawaambia nini?"

"Nimeweka mashine yote."

Nikamuuliza, mpaka barua za watu? Akanitazama sawa vile shangazi ananitazamaga nikijaza sahani yangu kabla ya mugeni. "Muntu amekuja kwako na sahani, wewe utafunika sufuria?"

Wenye mulikuwa hapa munajua. Ile miaka hakukuwa nyumba mu Kindu yenye kula na mulango umefungwa. Wali ilikuwa kidogo, na njo maana kufunga mulango ilikuwa haya zaidi. Amuri alikuwa amelelewa vizuri. Akafungulia dunia yote mulango wa Baba Mudogo, akabonyeza, na programu ikaanza.

Juu ya ekran kukatokea mistari, kila mustari na jina ya ajabu, herufi na nambari zimechanganyika, na kando yake kamustari ka buluu kanakuwa karefu. Nikauliza hawa ni nani. Amuri akasema ni watu wa inje, wanachukua vitu vyao. Yeye akarudi kungojea wimbo yake. Mimi nilibaki na lile neno, watu wa inje. Mu muji yetu ya wakati ule, watu wa inje walikuwa aina moja tu: infiltré, adui mwenye kujipenyeza. Kila asubuhi watu walinongona kwamba infiltré wamevuka mutoni usiku, infiltré wamevaa sawa wanawake wa soko, infiltré mumoja alikamatwa na redio mu kikapu ya ndizi. Sikujua infiltré iko na sura gani. Siku ile nilijua: iko na kamustari ka buluu, na inaingia kwa kamba.

Sasa, komanda. Wenye kushika muji wakati ule walikuwa na komanda mumoja mwenye kufanya mambo ya kutulia. Hakupiga kelele. Alikuwa anaoa siku ya posho, jumamosi, musichana wa mutaa wa Mikelenge, na alimuachia Baba Mudogo maneno ya envitasio, kadi za kualika watu, na picha yake amevaa suti. Ile suti yenyewe iko na hadithi. Fundi wa nguo alichelewa kuimaliza, wakamupeleka pa gare ya treni. Treni haikuwa inakuja tena, lakini kontena moja ya chuma ilibaki kwa reli, bila dirisha, na wanajeshi wakaipa kazi ingine. Wakamufungia fundi mule na jua ya Kindu juu. Alitoka muzima. Tangu siku ile ukipita kwake anakunywa maji, ukirudi anakunywa maji, na mashine yake ya kushona aliuzisha.

Kesho ya Amuri kuweka programu, asubuhi ya ijumaa, siku moja mbele ya ndoa, komanda akasimama pa mulango na mwanajeshi wake mumoja murefu, akauliza karatasi. Baba Mudogo akasema zimekuwa tayari, kubakia tu kuzitoa. Komanda akasema anaenda kwanza kuona ngombe wa ndoa, halafu atapita.

"Nikirudi nikute karatasi," akasema, "ao nikute wewe."

Baba Mudogo akawasha grupe, jenereta yake, akasema Bismillahi, akawasha mashine. Kuamka tu, haikuamka sawa siku zote. Ilikuwa inajikokota sawa muntu wa malaria. Halafu dirisha moja ikafunguka yenyewe juu ya ekran: mwanamuke muzungu, amevaa vipande viwili vya nguo, na vyote viwili haviwezi kufunika kikombe. Baba Mudogo akaifunga. Ikafunguka ingine, wanawake wawili. Akafunga. Ikafunguka tatu moja juu ya ingine. Akageuka, akaniona, akashika kikwembe ya shangazi akaitupa juu ya ekran, akabaki amesimama mbele yake na mikono imefunguka, sawa golkipa.

"Amuri," akaita, bila kugeuka.

Amuri akaja, akainua kona ya kikwembe, akaona, na rangi ikamutoka. Baba Mudogo akamuuliza polepole amefanya nini. Amuri akaeleza, nyimbo, sidi ya Goma, watu wa inje. Nilingoja kofi. Haikukuja, na njo hapo nilianza kuogopa kweli, kwani Baba Mudogo alikaa chini na kusema kitu kimoja tu: "Envitasio iko mule ndani. Itoe."

Basi wakaanza. Kale kapanya ka kuongozea mashine ukikasukuma, mushale inaruka, inasimama, inaruka. Amuri anabonyeza envitasio, mashine inafikiri, inafikiri, halafu badala ya komanda na suti anatokea mwanamuke amelala mu jua. Akazima, akawasha. Ikawa mubaya zaidi. Ikaanza kujizima yenyewe, inalala kabla haijamaliza kuamka, na ndani yake kitu kinazunguka kwa nguvu na kutoa ile harufu ya vumbi yenye kuungua. Inje grupe inanguruma, na Baba Mudogo anaenda kila mara kutazama esansi, mafuta ya grupe, anatikisa, anasikiliza sauti ya chini, anarudi. Shangazi akaleta chai. Hakuna mwenye kuigusa. Mu njia watu wanapita na mikate, wanasalimia, na Baba Mudogo anaitikia na sauti ya muntu mwenye kuwa tayari mu kontena.

Mashine ikaamka tena kidogo, na ile programu ikajifungua yenyewe. Nikawaona. Mistari yote, majina yote, kamustari ka buluu kanakua, wako wanakula. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja, sawa vile mutoto anaelewaga. Envitasio haikutoka kwani infiltré wamekaa juu yake. Wale wanawake ni wao, si tuliambiwa wanavaa sawa wanawake? Na wakubwa wangu wawili wanawabonyeza na kidole.

Kisu ya kukatia karatasi ilikuwa juu ya fotokopi. Nikaichukua, nikapanda juu ya kiti pa dirisha, nikashika kamba ya wazungu, nikaikata.

Amuri alinishusha na sikio. Alikuwa anasema maneno yenye sitaandika hapa, shangazi yangu angali anasoma. Baba Mudogo alikuwa ameshika kichwa na mikono mbili. Halafu Amuri akageuka, sikio yangu ingali mu vidole vyake. Anatazama ekran. Wanawake walikuwa wamesimama kuja. Amuri akafunga yule aliyekuwa pale, na hakuna mwingine aliyefunguka. Na nyuma ya ukuta tukasikia wazungu wanapiga makofi, wanasema imerudi, imerudi. Kumbe tangu jana ile programu ilikuwa inakunywa koneksio yao yote na wao wanagombana na parabole.

"Walikuwa wanapita mule," Amuri akasema.

"Nilikuambia," nikasema, na sikuwa nimemuambia kitu.

Sasa Amuri akaanza kufanya kazi na kichwa. Akafungua ubavu wa mashine, akachomoa vumbi na unyoya wa kuku, njo ile harufu ikatoka yote na kujaa mu chumba. Akanipa karatasi ngumu nipepee ndani, nikapepea sawa ni mushikaki. Akawasha huku anapigapiga kitufe kimoja juu, mpaka ikafunguka na sura ingine, herufi kubwakubwa, pembeni zote nyeusi. Akasema hii njo hali ya mugonjwa, mashine inaamka na viungo vya lazima tu, na ule uchafu unabaki umelala. Akaenda kutafuta programu, akaiambia itoke. Programu ikauliza kama ana hakika. Akasema ndiyo. Ikauliza kama ana hakika kabisa, sababu atakosa nyimbo. Baba Mudogo akaisemesha yeye mwenyewe, kwa sauti, na heshima yote: "Tafazali, toka mu nyumba yangu."

Ikatoka. Lakini mashine ilikuwa ingali nzito. Amuri akafungua kabati ya nyimbo, akazipima moja moja na macho. Wimbo ya kweli iko nzito, akasema, na mu zile kulikuwa moja nyepesi sana, jina yake wimbo, mukia ya ile jina kitu kingine. Hata siku moja haikuimba. Ile njo ilikuwa inaita wale wanawake. Akaifuta. Akafuta na zenye kuwa kando yake. Halafu akafuta zote, hata ile wimbo aliyoingojea mchana kutwa.

Akazima. Akawasha kwa kawaida. Hata fotokopi haikukohoa. Grupe inje ikaanza kukatakata, esansi inaisha, sauti inapanda inashuka. Mashine ikapiga kile kiwimbo chake cha kuamka, safi, na ekran ikatulia. Amuri akabonyeza envitasio. Komanda akatokea, suti, kichwa kimeinama kidogo, na jina ya bibi harusi chini yake na maua.

Baba Mudogo alikimbia na chupa kwa jirani kuomba esansi, akarudi, akamimina bila kuzima grupe, kitu yenye alitukataza siku zote. Imprimanti ikaanza. Karatasi ya kwanza ikatoka ya joto. Baba Mudogo aliibusu. Mimi nilicheka, akanifinya, na yeye pia akacheka.

Komanda aliingia imprimanti ikiwa katikati ya kazi.

Akachukua karatasi moja, akaisoma polepole, midomo inatembea. Akafurahi kwa picha yake, ilionekana. Akaiweka chini vizuri. Halafu macho yake yakafuata kamba, kutoka kwa mashine, juu ya ukuta, mpaka dirisha, fasi mwisho wake ulikuwa unaning'inia, shaba inang'aa.

"Hii inaenda wapi?"

Baba Mudogo akaeleza, wazungu, parabole, fotokopi.

"Na nani ameikata?"

Mwanajeshi murefu akajaza mulango. Wenye mulikuwa hapa munajua watu waliuawa ile miaka sababu ya simu tu, sababu ya kamba ya redio mu paa.

"Mimi nasema ninarudi, nyinyi munakata," komanda akasema, polepole vile vile. "Mulikuwa munaongea na nani?"

Baba Mudogo akaanza tena, wazungu, parabole, fotokopi. Amuri anatazama miguu yake. Na mimi, mwenye kusema vitu vyenye watu hawakuniuliza, kwa mara moja nilikuwa nimeulizwa.

"Mimi njo nilikata, komanda. Infiltré walikuwa wanaingia."

Akanitazama. "Wapi?"

"Mu kamba. Niliwaona. Walikuwa wanakula ndoa yako."

Imprimanti ikatema karatasi ingine. Komanda akachuchumaa mbele yangu, alinukia sabuni muzuri. "Walikuwa na sura gani?"

"Wengine ni mistari. Wengine ni wanawake, bila nguo."

Akamutazama Baba Mudogo. Baba Mudogo akatazama saruji. Komanda akacheka kidogo, cheko ikakatika katikati, akasimama. Akauliza Amuri kama mashine hii inapiga miziki. Amuri akasema ndiyo, komanda. Na sasa iko muzima? Amuri akasema ndiyo, iko muzima. Komanda akangoja karatasi ya mwisho itoke, akazikusanya, akazisawazisha kwa meza.

"Beba," akamuambia mwanajeshi.

Yule murefu akaingia, akafika katikati ya chumba, akasimama. Upande moja Baba Mudogo, upande ingine meza.

"Nini, komanda? Muntu ao mashine?"

Nilikuwa karibu kuliko wote, na nitawaambia yenye niliona. Komanda hakuwa amejua bado. Aliwatazama wote wawili, sawa muntu mwenye kuchagua kuku. Grupe ilikuwa inanguruma inje. Baba Mudogo hakusogea hata kidole, ila aliondoa macho yake kwetu, nafikiri kusudi tusione.

"Mashine," komanda akasema. "Muntu, mupe envitasio."

Wakabeba ekran, wakabeba kifua yake, lile sanduku, wakabeba imprimanti, mpaka kikwembe ya shangazi. Kale kapanya kalibaki chini ya meza. Amuri alikakuta, akakimbia nako mbio nyuma ya gari yao, akapiga kelele wasimame, akawapa. Alikuwa anaogopa watarudi kukatafuta. Mimi nilikuwa nimesimama pa mulango, nimejaa furaha, kwani nilielewa kwamba komanda amekamata infiltré, anawapeleka na nyumba yao yote mu kontena, wataona jua. Nilingoja wiki muzima aje kunishukuru. Miaka ilipita njo nikaelewa kwamba kama Amuri hangeiponyesha ile mashine, yule murefu hangekuwa na la kuuliza. Kungekuwa kitu kimoja tu cha kubeba.

Baba Mudogo alifunga mulango, akazima grupe. Kimya ilikuwa kubwa, tulisikia watu wanazungumza mbali kule bandarini. Juu ya meza kulikuwa vumbi kila fasi, na katikati yake kipande safi, mraba, fasi mashine ilikaa miaka yote. Akavuta kiti yake ya kazi, akakaa sawa anataka kuandikia muntu barua. Akaweka envitasio pembeni. Halafu akalaza mikono mu kile kipande safi, akalaza shavu juu ya mikono, na kabla shangazi hajafika na wali alikuwa anakoroma.